Tosta na Mkate wa Vidole Viwili

Mimi nakata mkate kwa kipimo cha vidole viwili. Navilaza juu ya mkate, hiki cha shahada na hiki cha kati, na pale vinapoishia ndipo kisu kinapopita. Kabla ya kuwa mpishi nilikuwa mwashi, kwa hiyo vidole vyangu si vya mchezo. Kipande changu kimoja ukikila na chai, unafika mchana bila kutafuta kitu kingine.

Ndiyo maana washonaji wananiita Vidole Viwili. Mkahawa wetu uko ubavuni mwa karakana ya kushona nguo. Una meza tano, jiko la gesi, friji moja na dirisha la kuuzia. Mke wangu anapika chai na mayai. Mimi naoka mkate alfajiri, naukata, kisha naubanika. Saa nne kamili kengele ya karakana inalia na washonaji wanamiminika. Wana dakika ishirini tu. Kengele ikilia mara ya pili, kila mtu awe ameketi kwenye cherehani yake.

Zamani walikuwa thelathini. Nilikuwa nabanika mkate juu ya wavu wa chuma, vipande vinne kwa mpigo, na mambo yalikwenda. Halafu karakana ikaongeza cherehani. Washonaji wakawa sitini. Wavu ukabaki ule ule, na mimi nikabaki yule yule.

Basi Jumatatu moja msimamizi wa karakana akaja dirishani. Ni mtu mpole, lakini saa yake ya mkononi haina upole.

"Vidole Viwili," akasema, "siku ya kazi iliyopita watu kumi na mmoja walichelewa kurudi. Leo kumi na wanne. Nikiwauliza, wanasema walikuwa wanasubiri mkate."

"Tutajitahidi, bwana msimamizi," nikajibu.

"Kujitahidi mmeshajitahidi. Ijumaa nitakuja mwenyewe. Wakichelewa tena, ule mlango wa kuja huku naufunga. Chai wataletewa ndani na watu wengine."

Akaondoka. Mke wangu alikuwa ameshika chujio la chai, akasahau kulishusha.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Bila washonaji, mkahawa huu ni meza tano na nzi. Tunahitaji mashine, baba watoto. Tosta ya kazi, siyo wavu."

Jumanne tulifunga mapema twende mjini kununua tosta. Mke wangu akachukua mkate wetu mmoja, akaufunga kwa kitambaa.

"Huo wa nini?" nikauliza.

"Tukaujaribie huko huko dukani."

Nikautazama ule mkate. Upande mmoja umevimba, upande mwingine umelala. Vipande vyake vimepinda, kwa sababu mkono wangu nao si msumeno. Nikakumbuka lile duka. Lina milango ya vioo, na wauzaji wanavaa tai. Jamani, nikaona aibu. Nikamwambia tuuache, tutanunua mkate wa pakiti njiani, ule uliokatwa na mashine.

"Lakini sisi hatuuzi mkate wa pakiti," akasema.

"Mama watoto, mkate ni mkate!"

Akanitazama kidogo, kisha akaurudisha mkate kabatini.

Dukani, ndugu yangu, nilichanganyikiwa. Nilidhani tosta ni tosta. Kumbe ukuta mzima umejaa! Nyingine zina matundu mawili, nyingine manne, nyingine sita. Nyingine hazina tundu hata moja, zina mdomo mpana mbele, na ndani kuna mkanda wa waya unaotembea. Nyingine unazifunga na kuzifungua kama kitabu. Zote zinang'aa, na kila moja imebandikwa karatasi yenye namba. Nilisoma namba mpaka zikaanza kucheza machoni.

Muuzaji alikuwa mwanaume mwembamba mwenye maneno mengi.

"Hii ya matundu, mzee, unatumbukiza mkate, ukiiva unaruka wenyewe. Hii ya mkanda, mkate unaingia huku unatokea kule, unatiririka tu. Hii ya kufunga ni ya mkate wenye vitu ndani. Mnataka ya wati ngapi?"

"Wati?" nikasema.

"Mnauza vipande vingapi kwa siku?"

Hapo angalau nilikuwa na jibu. "Kama mia mbili."

"Kwa siku mnafungua kwa muda wa saa ngapi?"

"Saa nane nzima."

Akabonyeza simu yake. "Mia mbili kwa nane. Ishirini na tano kwa saa. Ah, ndogo sana hiyo! Chukueni hii ya matundu sita. Kwa saa moja inatoa zaidi ya vipande mia. Kwenu itakaa inapiga miayo."

Mke wangu akakunja uso. Niliona kwamba kuna kitu anataka kuuliza, ila hakijui jina. Mimi pia nilihisi kuna kitu hakijakaa sawa, lakini ishirini na tano ni ndogo kuliko mia, hata mtoto anajua. Tukatoa mkate wetu wa pakiti. Vipande sita vikaingia, vyepesi, vimenyooka. Dakika mbili na nusu, pa! Vikaruka, rangi ya dhahabu, sawa kwa sawa. Nikapiga makofi pale dukani bila kujali tai za watu.

"Ikitushinda?" mke wangu akauliza.

"Ndani ya siku saba mnaweza kubadilisha," akasema muuzaji. "Mje na risiti na boksi lake."

Mke wangu hatupi boksi. Hata boksi la balbu analo.

Jumatano saa nne kengele ikalia. Nilikuwa nimesimama mbele ya tosta yangu mpya kama bwana harusi. Nikachukua kipande cha kwanza, nikakitia tunduni. Hakikuingia.

Nikakigeuza. Wapi! Tundu lilikuwa la kidole kimoja, na mkate wangu ni wa viwili. Nikakisukuma kwa kiganja. Kikaingia nusu, kikajikunja. Nikasukuma na vingine. Foleni ilikuwa imeshafika barabarani.

"Vidole Viwili, leo vipi?" mshonaji mmoja akapaza sauti. "Mkate umegoma?"

"Inakuja, inakuja!" nikasema, na mimi mwenyewe sikujua nini kinakuja.

Tosta ikalia pa, lakini hakuna kilichoruka. Mkate ulikuwa umekwama mle ndani. Ukaanza kutoa moshi. Nje umeungua, katikati mbichi. Mke wangu anakohoa, mayai yanaungua, watu wanaita. Nikashika kisu kirefu nikakipeleka tunduni, niung'oe.

"Wee! Acha!"

Sauti ile ilinigandisha mkono. Mlangoni alisimama jirani yetu, fundi umeme. Mtaani tunamwita Bi Waya. Alikuja kunywa chai tu, maskini. Alivuka meza mbili, akachomoa tosta kwenye soketi, ndipo akavuta pumzi.

"Kisu cha chuma ndani ya tosta yenye umeme!" akasema. "Unataka mkeo avae nyeusi? Kwanza chomoa. Halafu subiri ipoe. Ndipo uigeuze kichwa chini, ukung'ute. Kisu hakiingii humo hata siku moja."

Nikakiweka kisu mezani. Nikakaa chini.

Kengele ya pili ikalia. Washonaji kumi na saba walichelewa, na wengine walirudi kazini na njaa. Msimamizi alikuwa amesimama kwenye ule mlango wa karakana. Alitazama saa yake tu.

Watu walipoisha, Bi Waya akavuta kiti. Mke wangu akamwekea chai. Mimi nilikuwa naitazama ile mashine inavyong'aa, na kichwani hamna kitu.

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," mke wangu akasema.

"Mashine haina kosa," akasema Bi Waya. "Ni nzuri kwa mtu inayemfaa. Hebu niambieni, huko dukani mliijaribu?"

"Tuliijaribu," nikajibu haraka. "Ilifanya kazi vizuri kabisa."

"Kwa mkate huu?"

Nikatazama chai yangu. Mke wangu akaniachia mzigo wangu niubebe mwenyewe.

"Kwa mkate wa pakiti," nikasema mwishowe.

"Mbona wa pakiti?"

"Niliona aibu, Bi Waya. Wetu umepinda."

Nilidhani atacheka. Kweli akacheka, akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akasema, "Mficha uchi hazai, shemeji. Ukienda kununua kiatu, unapeleka mguu wa jirani?"

Mke wangu naye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Haya," akasema Bi Waya. "Muuzaji aliwauliza nini?"

"Vipande kwa siku. Mia mbili. Akagawa kwa saa nane."

"Na hao watu wenu wanakuja kidogo kidogo kwa saa nane?"

"Aa, wapi! Washonaji wote wanakuja saa nne. Wengine ni wapita njia."

"Washonaji wangapi?"

"Sitini."

"Kila mmoja vipande vingapi?"

"Viwili," mke wangu akasema. Nilimwona anaanza kuelewa. Mimi bado.

"Sitini mara mbili ni mia na ishirini," Bi Waya akasema. "Na dakika ni ishirini. Kwa hiyo kila dakika mnahitaji vipande sita. Tosta hii inatoa sita kwa dakika mbili na nusu, tena vile vyembamba. Kwa dakika ishirini itawapa vipande arobaini na nane. Hao wengine wale nini?"

Nikahesabu kwa vidole. Nikahesabu tena. "Kwa hiyo mia kwa saa ni nyingi, na hapo hapo ni chache?"

"Saa nzima huna, shemeji. Una dakika ishirini. Usihesabu siku yako nzima. Hesabu ule muda wenye watu wengi kuliko wote. Mashine inunuliwe kwa ajili ya muda huo."

Bado kichwa kilikuwa kizito, lakini dirisha dogo lilikuwa limefunguka. Lile jambo lililomkunja mke wangu uso dukani, kumbe ndilo hili.

Kisha Bi Waya akainuka, akaenda kutazama soketi yetu. Friji ilikuwa imechomekwa pale pale na birika la umeme, kwa waya mmoja wa kuunganishia. Akaugusa ule waya. Ulikuwa na joto.

"Na hapa ndipo mlipochomeka tosta pia?"

"Si soketi ni soketi?" nikauliza.

"Na mkate ni mkate," mke wangu akasema taratibu. Nilijua nitausikia msemo huo mpaka uzeeni.

Bi Waya akaeleza kwamba mashine ya kazi inakula umeme mwingi. Inataka laini yake yenyewe kutoka kwenye sanduku la swichi, na swichi yake ya usalama. Inataka pia waya wa ardhi, ule unaookoa mtu umeme ukivuja. Akasema wati ndizo zinazomwonyesha fundi unene wa waya. Kwa hiyo zile namba zilizonichezea machoni zilikuwa na kazi yake.

"Kwa hiyo tukate mkate mwembamba?" nikauliza. Nikavitazama vidole vyangu viwili.

"Nyinyi mnaonaje? Watu wanakuja hapa kwa sababu gani?"

Mke wangu hakungoja. "Kwa sababu wakila wanashiba."

"Basi tafuteni mashine ya mkate wenu. Boksi mnalo?"

"Boksi!" mke wangu akasema, akaingia chumba cha ndani akiwa tayari anatabasamu.

Tosta ilikuwa imepoa. Tuliikung'uta, tukavuta kitrei cha chini, tukamwaga makombo, tukaifuta. Mchana ule ule tukaenda dukani watatu. Safari hii mkate wetu niliubeba mimi, ndani ya kitambaa chake.

Muuzaji aliitazama ile tosta, akaikunjia uso. "Hii imeshatumika."

"Imetumika siku moja," mke wangu akasema. "Na wewe ulituuliza mkate kwa siku. Hukutuuliza mkate wenyewe ukoje."

Muuzaji akakuna kichwa. Akakagua mashine, boksi na risiti. Mwisho akakubali tubadilishe kwa kuongeza tofauti ya bei.

Tukaenda kwenye zile za mkanda. Zilikuwa mbili. Moja inang'aa kama kioo, nyingine imefifia kidogo, mdomo mpana. Macho yangu yakakimbilia ile inayong'aa. Mazoea yana taabu.

"Zote zimezimwa?" Bi Waya akamuuliza muuzaji. "Hazijachomekwa? Haya, shemeji, weka vidole vyako viwili mdomoni mwa mashine."

Nikaweka kwenye ile inayong'aa. Vikabana. Nikaweka kwenye ile iliyofifia. Vikaingia, na juu ikabaki nafasi.

"Hiyo nafasi ni ya kupinda," akasema Bi Waya.

Nikafungua kitambaa mbele ya kila mtu. Masikio yangu yalikuwa ya moto. Muuzaji akautazama mkate, akanitazama mimi. Akawasha mashine, tukangoja ipate moto. Kipande cha kwanza kikapanda mkandani, kikaingia, kikatokea upande wa pili cheupe vile vile.

Nikakiokota kile kipande. "Hii nayo imekataa!"

"Haijakataa. Mkanda unakimbia mno," Bi Waya akasema. Akaonyesha kitufe cha kuzungusha. Ukizungusha kushoto, mkanda unakwenda polepole na mkate unaiva zaidi. Muuzaji akazungusha. Kipande cha pili kikatoka chekundu vizuri, na katikati moto.

"Karatasi inasema mia sita kwa saa," muuzaji akasema kwa fahari.

"Hiyo ni ya mkate mwembamba," akajibu Bi Waya. "Wetu tutauhesabu sisi." Akashika saa. Mimi nikaweka, mke wangu akapokea. Dakika moja, vipande saba. Tukarudia. Saba tena.

"Tunahitaji sita," mke wangu akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Muuzaji alikuwa ameokota kipande kimoja. Akakimega, akala, akamega tena. "Mkate huu mnaupata wapi?" akauliza.

"Naoka mwenyewe," nikasema. Nikashangaa kwamba sentensi hiyo nilikuwa naionea aibu jana.

Alhamisi asubuhi washonaji walikula mkate usiobanikwa ili wasichelewe, wakanung'unika, tukaomba radhi. Mchana Bi Waya akavuta laini mpya. Mashine aliiweka mbali kidogo na ukuta, na rafu ya mbao iliyokuwa juu yake akaiondoa, kwa sababu joto linapanda. Akatuonyesha kitrei cha makombo. Kila jioni, zima, chomoa, ngoja ipoe, mwaga, futa kwa kitambaa kikavu. Maji usimimine ndani. Mke wangu akayarudia maneno hayo mara mbili kwa sauti, na mimi nikayarudia mara tatu kwa sababu ya kile kisu.

Ijumaa niliwasha mashine robo saa kabla ya kengele. Dakika tano kabla, nikaanza kubanika ili wa kwanza wasingoje. Msimamizi akafika, akasimama kando ya dirisha na saa yake. Kengele ikalia.

Siwezi kukueleza vizuri kilichotokea, kwa sababu mimi mwenyewe sikukielewa. Naweka mkate, mke wangu anapokea, anatia yai, anamimina chai. Naweka, anapokea. Sikuinua kichwa. Jasho linanitiririka. Nikaweka, nikaweka, mpaka nikasikia mke wangu anasema, "Baba watoto, acha. Unamwekea nani?"

Nikainua kichwa. Dirishani hapakuwa na mtu.

Nikaingiwa na hofu. "Wamekwenda wapi? Wamekasirika? Wameondoka bila kula?"

"Wamekula," akasema msimamizi. "Wameingia ndani. Wa mwisho ameingia dakika ya kumi na saba. Nimemhesabu."

Nilimtazama, nikamtazama mke wangu. Alikuwa amefunika uso kwa aproni yake, na mabega yanatikisika. Sikujua kama analia au anacheka. Nadhani na yeye hakujua.

"Mlango utabaki wazi," msimamizi akasema. Kisha akakohoa kidogo. "Sasa na mimi nina njaa. Nipeni chai na mkate."

Mke wangu akajifuta uso. Kabatini ilikuwepo bado ile pakiti ya Jumanne, nusu yake, vipande vimenyooka kama karatasi. Akaitoa, akamwonyesha, kwa utani wake.

"Tukupe huu, bwana msimamizi? Umekatwa na mashine. Haujapinda hata kidogo."

Msimamizi akautazama ule mkate wa pakiti. Akausogeza pembeni kwa mkono.

"Huo nitaukuta popote," akasema. "Nipe ule ambao watu wangu wanauchelewea."

Nikavuta mkate wangu mmoja mzima. Nikavilaza vidole vyangu viwili juu yake, mbele ya macho yake, nikakata.